Mzee Rebmann wa Rabai

Johannes Rebmann anatajwa sana kwa kuuona Kilimanjaro mwaka 1848. Sisi tunampendea Rabai. Alifika 1846, akamkuta Krapf, aliyekwisha kuzika mke na mtoto Mombasa. Mwaka 1853 Krapf akaondoka. Mwaka 1866 Rebmann naye akafiwa na mkewe, Emma, akabaki na waumini wachache, kama sisi hapa Mtangawanda. Hao ndio waliokuwa jamaa zake. Macho yalipopofuka, Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, alimshika mkono, na mwaka 1875 wakasafiri pamoja hadi Ulaya. Safari yenyewe haikuwa ya siku mbili! Rebmann alifariki 1876 huko Korntal, Ujerumani, alikokuwa akiishi rafiki yake Krapf.