Thomas Arnold

Thomas Arnold (13 Juni 1795 – 12 Juni 1842) alikuwa mwalimu, mwanahistoria na kasisi wa Kanisa Anglikana nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kama mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya Rugby, aliyoiongoza kuanzia mwaka 1828 hadi kifo chake. Njia zake za kulea wanafunzi, hasa matumizi ya viranja, ziliigwa na shule nyingi za Uingereza na baadaye za makoloni yake.

Maisha ya awali

Alizaliwa West Cowes kwenye kisiwa cha Wight, ambako baba yake alikuwa ofisa wa forodha. Baba huyo alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1801. Thomas alisoma shule ya Winchester, kisha Chuo cha Corpus Christi huko Oxford, na mwaka 1815 alichaguliwa kuwa mwanachuo wa Oriel. Mwaka 1820 alimwoa Mary Penrose. Kabla ya kwenda Rugby aliishi miaka kadhaa Laleham, kando ya mto Thames, akiwaandaa vijana wachache kuingia chuo kikuu.

Hali ya shule za wakati ule

Shule kubwa za bweni za Uingereza zilikuwa na sifa mbaya. Mwalimu alifundisha Kilatini na Kigiriki, akachapa viboko, akaenda zake. Baada ya masomo wavulana walijitawala wenyewe. Wakubwa waliwatumikisha na kuwatesa wadogo, na ulevi ulikuwa jambo la kawaida. Huko Rugby kwenyewe, mwaka 1797, wanafunzi waliasi, wakalipua mlango wa mwalimu mkuu kwa baruti, hata askari wakaitwa kuwatuliza. Wazazi wengi walianza kujiuliza kama ni busara kuwapeleka watoto wao mahali pa namna hiyo.

Kazi yake Rugby

Arnold hakufuta utawala wa wavulana wakubwa. Aliona kwamba mwalimu hawezi kuwapo bwenini usiku na mchana, na kwamba wadogo watawafuata wakubwa hata wakikatazwa. Basi aliamua kuwashika hao wakubwa. Wanafunzi wa kidato cha sita, ambao aliwafundisha mwenyewe, walipewa rasmi mamlaka ya viranja pamoja na wajibu wa kuwalinda wadogo. Aliwaalika nyumbani kwake kula chakula, akazungumza nao kuhusu hali ya shule, na akalipokea neno lao kuwa kweli bila kuwapeleleza. Wanafunzi walikuja kuona aibu kumdanganya, maana aliwaamini. Viranja waliotumia cheo vibaya waliadhibiwa, lakini kwa kawaida aliwatetea hata mbele ya wazazi waliolalamika.

Jambo ambalo husahauliwa mara nyingi ni alivyowashughulikia walimu wenzake. Wengi wao walikuwa pia wakihudumu katika parokia za jirani ili kuongeza kipato. Arnold aliwataka waache kazi hizo, akapandisha mishahara yao, na kidogokidogo akaweka mabweni chini ya walimu badala ya akina mama wa mjini waliokuwa wakiyaendesha kama biashara. Aliitisha mikutano ya walimu kila baada ya majuma machache, ambako sheria za shule zilijadiliwa. Mwaka 1831 alijitwalia pia kazi ya kasisi wa shule bila mshahara wake, ili awahubirie wanafunzi wote kila Jumapili. Katika masomo alizipa nafasi zaidi historia ya kisasa, hisabati na Kifaransa.

Watu humhusisha pia na michezo, lakini si sahihi sana. Sifa hiyo ilitokana zaidi na riwaya ya Thomas Hughes, aliyekuwa mwanafunzi wake, iliyotoka mwaka 1857, na baadaye na Mfaransa Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Michezo ya Olimpiki ya kisasa, aliyeitembelea Rugby.

Lawama

Arnold alikuwa na hasira. Mwaka 1832 alimchapa mwanafunzi viboko 18 akidhani amesema uongo. Ikabainika kwamba kijana alisema kweli. Arnold alimwomba radhi, lakini magazeti yalikwisha kulipata jambo hilo. Tena alikuwa mwepesi wa kuwaondoa shuleni vijana alioona hawanufaiki, hata kama hawakuwa na kosa kubwa. Watoto wa wenyeji wa mji wa Rugby, ambao shule ilianzishwa kwa ajili yao mwaka 1567, walizidi kukosa nafasi wakati wake, na mwaka 1839 suala hilo lilifika mahakamani.

Mwaka 1836 aliandika makala kali dhidi ya wapinzani wake wa kidini huko Oxford. Wadhamini wa shule walipigia kura pendekezo la kumkemea. Kura zilikuwa nne kwa nne, akabaki kazini.

Kifo na urithi

Mwaka 1841 aliteuliwa kuwa profesa wa historia ya kisasa huko Oxford, akaendelea pia na shule. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo kama baba yake, siku moja kabla ya kutimiza miaka 47, akazikwa katika kikanisa cha Rugby. Mwanafunzi wake Arthur Stanley aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1844. Wanafunzi na walimu wake walichukua njia zake kwingine: Charles Vaughan huko Harrow, George Cotton huko Marlborough.

Kupitia wamisionari na serikali ya kikoloni, mabweni na viranja vilifika pia Afrika ya Mashariki; Julius Nyerere alikuwa kiranja katika shule ya Tabora. Kati ya watoto wa Arnold, Matthew alikuwa mshairi na mkaguzi wa shule, na Jane aliolewa na William Forster, mwanasiasa aliyeleta sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 1870. Kitukuu chake Julian Huxley alizuru Afrika ya Mashariki mwaka 1929 kuhusu masuala ya elimu, na mwaka 1946 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO.