Doolittle: Rubani aliyepaa na kutua bila kuona nje

Hebu wazia uko angani kwenye ndege ndogo na ukungu umefunika kila kitu. Huoni ardhi wala anga. Mwili unakuambia mambo ni shwari, kumbe ndege imelala upande na inashuka. Sikio la ndani, lile linalokusaidia kusimama bila kuyumba, limekudanganya. Enzi za mwanzo za ndege, uongo huo uliwaua marubani wengi.

Jamaa mmoja aliamua kuutafutia dawa. Anaitwa James Doolittle, wengi wakimwita Jimmy. Alizaliwa Disemba 14, 1896 huko California, Marekani, akakulia Nome, Alaska, mji wenye baridi kali. Alikuwa mfupi wa kimo lakini ngumi alizijua vizuri. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, akajiunga na jeshi na kujifunza urubani.

Septemba 1922 alivuka Marekani, kutoka Florida hadi San Diego, kwa saa 21 na dakika 19, akitua mara moja tu njiani. Usiku alipambana na dhoruba. Ndege yake ilikuwa na kifaa cha kuonyesha inavyogeuka, na alijua fika kwamba macho peke yake yasingemfikisha.

Usidhani alikuwa mtu wa sarakasi tu. Alirudi darasani, na mwaka 1925 akapata shahada ya uzamifu ya uhandisi wa anga katika chuo cha MIT.

Baadaye alipelekwa Mitchel Field, New York, kuongoza majaribio ya kuruka bila kuona nje. Mafundi walimletea vifaa vipya: upeo bandia wa kuonyesha kama ndege imelala, dira isiyoyumba, na kipimo cha urefu kilicho sahihi kuliko vya zamani. Mawimbi ya redio yalimwonyesha njia ya kurudi uwanjani. Akafanya mazoezi mpaka akajifunza kuviamini vifaa hata mwili ukibisha.

Siku yenyewe ikawa Septemba 24, 1929. Kiti chake cha nyuma kilifunikwa kabisa. Akapaa, akageuka, akarudi na kutua, yote ndani ya dakika 15 hivi. Hakuna aliyewahi kupaa, kuzunguka na kutua hivyo kwa kutegemea vifaa pekee.

Lakini usisahau aliyekaa kiti cha mbele. Luteni kijana Benjamin Kelsey alikuwa akiona nje vizuri, mikono yake ikiwa mahali ambapo watu wa chini wangeiona, ili wajue hakugusa usukani. Kazi yake ilikuwa kulinda usalama na kushika usukani mambo yakiharibika. Bingwa mzima, tena daktari wa uhandisi, alipaa na mlinzi!

Utaratibu huo haujafa. Marekani leo, ukitaka kibali cha kurusha ndege kwa vifaa, unahitaji saa 40 za mazoezi ya aina hiyo. Kati ya hizo, angalau 15 uwe na mkufunzi ambaye mwenyewe ana kibali hicho. Pia lazima mfanye pamoja safari moja ndefu ya kilomita 463 hivi, zaidi kidogo ya Nairobi hadi Mombasa kwa anga, mkitumia njia tatu tofauti za kukaribia uwanja. Saa 50 za safari za mbali ukiwa nahodha ni hesabu nyingine.

Mwaka 1942 Doolittle aliongoza ndege 16 za kivita kushambulia Japani, na jina lake likavuma zaidi. Alifariki Septemba 27, 1993, akiwa na miaka 96. Kwa kazi hiyo ya hatari, huo ni umri mkubwa.

Kwa hivyo ukiota urubani, usione haya kukaa na mkufunzi kando yako. Ukungu haujali wewe ni nani, na Doolittle alilijua hilo mapema.