Beaumarchais: Mtunzi Aliyedai Hesabu

Wahenga hawakukosea walipotuusia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wapenzi wa tamthilia humjua Pierre-Augustin Caron de Beaumarchais kwa sababu ya mhusika wake Figaro, aliyeingia pia katika opera za Mozart na Rossini. Aghalabu husahaulika kwamba ndiye aliyewaunganisha watunzi wenzake kudai ujira wao. Makala haya yanaangazia upande huo wa maisha yake.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 24 Januari 1732, akiwa mwana wa fundi wa saa. Alirithi ufundi wa babake, na akiwa na umri wa miaka 21 alibuni kifaa kipya cha kudhibiti mwendo wa saa. Lepaute, fundi mashuhuri wa mfalme, alionyeshwa kifaa hicho, kisha akajitangaza kuwa ndiye mbunifu. Kijana Caron hakunyamaza. Aliwasilisha ushahidi wake mbele ya Akademia ya Sayansi, nayo ikamthibitisha mwaka 1754 kuwa mwenye ubunifu huo. Mapema hivyo, alijifunza kwamba mwenye kazi akinyamaza, mwizi wake hupewa sifa.

Baadaye aliingia katika jumba la mfalme, akawafundisha mabinti wa Louis wa 15 kupiga kinubi, na akatajirika kwa biashara. Mnamo Februari 1775, tamthilia yake kuhusu kinyozi wa Seville iliigizwa na Comédie-Française. Kundi hilo la waigizaji lilikuwa na idhini ya mfalme, na mtunzi hakuwa na pengine pa maana pa kupeleka kazi yake. Kwa mujibu wa kanuni, mtunzi alistahili fungu moja kati ya tisa ya mapato baada ya gharama kuondolewa. Hata hivyo, mapato ya maonyesho yakishuka chini ya kiwango fulani, tamthilia iligeuka kuwa mali ya waigizaji. Isitoshe, fedha za vyumba vya watazamaji matajiri, waliolipia kwa mwaka mzima, hazikuhesabiwa katika fungu la mtunzi. Kwa njia hiyo mapato yalionekana madogo kuliko yalivyokuwa.

Kufikia Januari 1777, tamthilia hiyo ilikuwa imeigizwa mara 32. Waigizaji walimpelekea Beaumarchais livre 4,506 bila maelezo ya hesabu. Alizikataa. Hakuwa na dhiki ya fedha. Alichotaka ni hesabu iliyotiwa sahihi. Walipomletea hesabu isiyo na sahihi, aliirudisha.

Angeweza kuumaliza ugomvi huo peke yake, kwa kuwa alikuwa na mali na jina. Badala yake, tarehe 3 Julai 1777 aliwaalika watunzi wa tamthilia nyumbani kwake kwa chakula, wakahudhuria zaidi ya 20. Waliwachagua Saurin, Marmontel, Sedaine na Beaumarchais mwenyewe kuwa wawakilishi wao. Si wote waliokubali wito. Diderot, kwa mfano, hakujiunga nao. Fauka ya hayo, matunda hayakuiva upesi. Uamuzi wa baraza la mfalme wa mwaka 1780 uliwapa watunzi haki ya kuhesabiwa mapato ya vyumba vile, lakini ukakipandisha kile kiwango ambacho chini yake tamthilia ilipotea mikononi mwao. Walipewa kwa mkono wa kulia, wakanyang'anywa kwa wa kushoto.

Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo yaliyofungua mlango. Sheria ya Januari 1791 ilivunja ukiritimba wa Comédie-Française na kuagiza kwamba tamthilia ya mtunzi aliye hai isiigizwe bila idhini yake ya maandishi. Warithi nao walipewa haki hiyo kwa miaka mitano baada ya kifo chake. Beaumarchais alifariki tarehe 18 Mei 1799. Chama alichokiasisi kiliundwa upya mwaka 1829 na kingali kinakusanya malipo ya watunzi.

Yafaa tutofautishe mambo mawili. Chama cha Beaumarchais kiliwatetea watunzi kama wenye mali, ilhali waandishi wa filamu na televisheni nchini Marekani, ambao huajiriwa na kampuni, hutetewa na vyama vya wafanyakazi. Chama chao cha kwanza cha kudumu kiliundwa mwaka 1933. Waandishi hao waligoma kwa siku 148 mwaka 2023, wakidai malipo bora na mipaka ya matumizi ya akili bandia. Licha ya tofauti hiyo, swali ni lile la mwaka 1777: kazi imeleta kiasi gani, na nani anazishika hesabu?

Sisi tunaofunza na kusoma tamthilia huchambua wahusika na maudhui kwa bidii, lakini ni nadra kuuliza iwapo mtunzi alilipwa. Beaumarchais anatukumbusha kwamba kuuliza si ulafi, na kwamba swali la mmoja hupuuzwa kwa urahisi kuliko la wengi.