Mzee Sakichi Toyoda: Mfumaji vitambaa aliyeitafuta betri miaka 100 iliyopita

Hebu fanya hivi kesho asubuhi. Simama kwenye steji ya Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, uhesabu Probox zinazobeba watu kwenda Isinya na Kajiado mjini. Ukichoka nazo, hesabu matatu za Hiace zinazokimbilia Nairobi. Nyingi mno zina jina lile lile: Toyota. Pengine ulizaliwa ukalikuta jina hilo barabarani, ukadhani mwenyewe alikuwa fundi wa magari. Sivyo. Mzee aliyeuweka msingi wa biashara ya ukoo huo hakuwahi kuuza gari hata moja. Kazi yake ilikuwa mashine za kufuma vitambaa.

Nakusimulia habari zake kwa sababu siku hizi kuna ubishi mkubwa, hata hapa kwetu: je, kampuni kongwe za magari zimwage mabilioni kwenye magari ya umeme, au zingoje kwanza? Ukiyajua maisha ya mzee huyu, utabishana ukiwa na kitu mkononi.

Sakichi Toyoda alizaliwa Februari 14, 1867, katika kijiji cha Yamaguchi, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Kosai, Japani. Baba yake, Ikichi, alikuwa seremala na mkulima, na kijana akafunzwa useremala. Lakini jicho lake lilikuwa kwa kina mama wa kijiji, mama yake akiwemo, waliochoka wakifuma vitambaa kwa mikono. Akaanza kuchonga mbao na kuziunganisha, akitafuta namna ya kuwapunguzia kazi. Inasimuliwa kwamba majirani walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa.

Mwaka 1890 alikwenda kutazama maonyesho makubwa ya viwanda jijini Tokyo, na akawa anarudi siku baada ya siku kuzichunguza mashine. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 24, alipata hati ya kwanza ya kulinda uvumbuzi wake: mashine ya mbao ya kufuma kwa mkono mmoja. Mwaka 1896 akatoa nyingine iliyoendeshwa kwa injini. Uzi ukikatika, ilisimama yenyewe, badala ya kuendelea kuharibu kitambaa.

Usidhani mambo yalinyooka tu. Mwaka 1910 biashara ilipodorora, alisukumwa nje ya kampuni iliyobeba jina lake. Alikuwa na miaka 43. Akapanda meli kwenda Marekani na Ulaya kuona wenzake wanafanya nini. Wakati huo gari la Ford aina ya Model T lilikuwa na miaka miwili tu sokoni, na Wamarekani walikuwa wameanza kuzoea gari kama wewe ulivyozoea bodaboda. Aliporejea mwaka 1911, alianza upya na kiwanda chake mwenyewe huko Nagoya.

Mwaka 1924, akisaidiwa na mwanawe Kiichiro aliyesomea uhandisi, alikamilisha mashine iliyompa sifa duniani, aina ya G. Ilibadilisha uzi bila kusimama, na mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia makumi ya mashine. Hakukimbilia kuiuza. Kwanza walizijaribu nyingi kwenye kiwanda chao. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa vigogo wa mashine za nguo duniani, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuziunda.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 1925, akiwa kwenye kilele cha kazi ya kufuma, mzee huyu aliahidi zawadi ya yeni milioni moja kwa yeyote atakayevumbua betri yenye nguvu kama petroli. Japani haikuwa na mafuta ya kutosha, na aliona kwamba nchi isiyo na mafuta itahangaika. Masharti yake yalikuwa magumu: betri itoe nguvu za farasi 100 kwa saa 36 mfululizo, na isizidi kilo 225. Hakuna aliyeipata zawadi hiyo. Hata betri za leo ziko mbali sana na kipimo hicho.

Sakichi aliaga dunia Oktoba 30, 1930. Mwaka 1933 Kiichiro alifungua idara ya magari ndani ya kampuni ile ile ya mashine za kufuma. Shemeji yake Rizaburo, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alisita. Na alikuwa na sababu: Ford na General Motors walikuwa tayari wanaunganisha magari Japani, na gari linameza pesa kuliko uzi. Hata hivyo, mwaka 1934 wenye hisa waliidhinisha mtaji uongezwe. Gari la kwanza la abiria likaingia sokoni mwaka 1936, na mwaka 1937 Toyota ikawa kampuni inayojitegemea.

Je, Rizaburo alikuwa na wasiwasi wa bure? La. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, na Kiichiro akajiuzulu. Aliyeletwa kuiokoa ni Taizo Ishida, mkuu wa kampuni ya mashine za kufuma. Kiichiro alifariki mwaka 1952, kabla ya kuona jina la ukoo wake likienea dunia nzima.

Jibu langu kwa ule ubishi ni hili: ndiyo, kampuni kongwe ziwekeze kwa nguvu kwenye umeme, na zifanye hivyo sasa, petroli ikiwa bado inawaletea faida. Ukoo wa Toyoda haukungoja mashine za kufuma zikose wateja ndipo utafute kazi nyingine. Kazi ya zamani ndiyo iliyolisha kazi mpya, na mpya ilipoyumba, ya zamani ikatoa mtu wa kuishika mkono. Anayengoja hadi mauzo yaporomoke atakuwa hana pesa za kujaribu wala za kukosea. Ila asisahau upande wa pili wa mzee: jaribu kwako kwanza ndipo uuze. Dereva wa Probox anayetoka Kajiado kwenda Namanga hawezi kukwama njiani na abiria kwa sababu kiwanda kilikuwa na haraka.

Unajiuliza hayo yanakuhusu nini wewe wa Kitengela? Yanakuhusu sana. Magari mengi yetu ni mitumba kutoka Japani, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo kinachoamuliwa leo na wakubwa wa viwanda kule ndicho utakachokipanda hapa baada ya miaka 7 hivi. Wakiunda magari ya umeme yenye betri dhaifu, sisi ndio tutakaoletewa betri zilizochoka. Wakichelewa, tutaendelea kulipia mafuta ya kuagizwa, ilhali kaunti hii ya Kajiado ina mitambo 60 ya upepo ya Kipeto yenye uwezo wa megawati 100, mbali na ile ya vilima vya Ngong.

Na wewe unayejifunza ufundi kwenye gereji ya jua kali, usiiache injini ya petroli. Bado itakulisha miaka mingi. Lakini pikipiki za umeme zishaingia barabarani na mabasi ya umeme yanabeba abiria Nairobi. Tenga saa chache kila wiki ujifunze betri na nyaya za umeme wa nguvu kubwa, tena kwa mtu anayejua, maana umeme huo unaua. Sakichi alikuwa seremala mwenye kazi yake tayari alipoanza kuhangaika na mashine. Wewe una spana mkononi. Anzia hapo.