Pauline Hopkins: Mama wa Boston na Riwaya za Mapenzi

Safari hii nawaletea maisha ya mwanamke ambaye kwetu hatukufundishwa, na hata huku ughaibuni wanaomtaja ni wachache. Jina lake Pauline Elizabeth Hopkins. Alikuwa mwimbaji, karani wa hati mkato, mhariri, na juu ya yote mtunzi wa riwaya za mapenzi.

Nimemchagua makusudi. Kwetu ukionekana na kitabu cha mapenzi watu wanakucheka, eti hayo ni mambo ya wasichana wa sekondari wanaoficha kitabu chini ya dawati. Mama huyu, zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliyachukua mapenzi hayo hayo akayatumia kudai heshima ya watu weusi wa Marekani. Na yakamgharimu.

Alizaliwa mwaka 1859 Portland, jimbo la Maine, akakulia Boston. Hakuzaliwa mtumwa, lakini vita vya kukomesha utumwa vilipiganwa yeye akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 15, alishinda shindano la insha kuhusu madhara ya ulevi, akazawadiwa dola 10 za dhahabu. Aliyesimamia zawadi ile ni William Wells Brown, mwandishi mweusi aliyewahi kuwa mtumwa akatoroka. Mwaka 1880 binti huyu akaonyesha jukwaani mchezo wake wa nyimbo kuhusu watumwa wanaotoroka kwenda kaskazini, akaigiza pamoja na ndugu zake. Kwa miaka kadhaa Boston ilimjua kwa sauti yake.

Lakini kuimba hakulipi kodi ya nyumba, nadhani wasanii wetu mnalijua hilo. Akajifunza hati mkato, kazi ambayo kwetu tungesema ni ya sekretari, na miaka ya 1890 akaajiriwa kwenye ofisi ya takwimu ya jimbo la Massachusetts, kwenye sensa ya 1895. Mchana anaandika ya watu, akipata nafasi anaandika yake. Wangapi kati yetu hapa wanaishi hivyo hivyo!

Mwaka 1900 ikatoka riwaya yake ya kwanza, Contending Forces. Hapa naomba tutulie kidogo, maana namna kilivyochapwa ni somo. Mchapishaji hakuwa kampuni kubwa ya wazungu. Ilikuwa kampuni ya ushirika ya watu weusi palepale Boston, ambayo mwaka huohuo ilianzisha jarida la Colored American Magazine. Kabla kitabu hakijatoka, Pauline alikwenda kuwasomea akina mama wa chama chao cha Woman's Era. Kitabu kiliuzwa dola 1 na senti 50, jarida senti 15, na mawakala walilitembeza mji hadi mji. Kwa lugha yetu ungesema walichangishana, wakawa na chombo chao wenyewe.

Na hadithi yenyewe? Kuna msichana mzuri sana, Sappho Clark, amepanga chumba kwenye nyumba ya mama mmoja mweusi Boston. Anaishi kwa kupiga chapa. Mtoto wa mwenye nyumba, Will Smith, kijana msomi, anampenda. Na Sappho anampenda pia, lakini ana siri. Alipokuwa mdogo kule New Orleans alitekwa na kubakwa na mzungu ambaye ni ndugu wa baba yake, akapata mtoto. Mwanamume mwingine anaigundua siri hiyo na kumtishia. Sappho anakimbia. Will anamtafuta, anampata, na anamwoa akijua kila kitu.

Leo unaweza kusema mbona hadithi ya kawaida. Hebu kumbuka ni mwaka 1900. Huko kusini watu weusi walikuwa wakiuawa na magenge bila kesi, na kisingizio kikubwa kilikuwa kwamba wanaume weusi wanabaka wanawake wa kizungu. Wanawake weusi nao walisemwa kwamba hawana staha, kwa hiyo kuwabaka si kosa. Pauline akageuza kibao. Akaonyesha nani hasa alikuwa akibaka nani, tangu enzi za utumwa, na kwamba aliyebakwa bado anastahili kupendwa na kuolewa kwa heshima. Katika utangulizi alieleza kwamba hadithi ni ghala la mila na maisha ya watu, na kwamba watu weusi lazima waandike yao wenyewe, hakuna atakayewaandikia. Angeandika hotuba wangemsoma wachache. Kwa mapenzi aliwapata akina mama waliorudi nyumbani wamechoka na kufua nguo za watu.

Baada ya hapo kazi ikashika kasi. Ndani ya jarida alisimamia ukurasa wa akina mama, halafu akawa mhariri wa fasihi. Aliandika mfululizo wa maisha ya wanaume mashuhuri weusi, akianza na Toussaint L'Ouverture wa Haiti, na mwingine wa wanawake, akiwemo Harriet Tubman. Na riwaya tatu zikatoka kipande kipande kati ya 1901 na 1903. Kama umewahi kusubiri gazeti la wiki kwa sababu hadithi iliishia kwenye ITAENDELEA, basi unawajua wasomaji wake. Nyingine alizitia jina la mama yake mzazi, Sarah A. Allen, maana jina lake lilikuwa limeshajaa kurasa. Katika mojawapo, Hagar's Daughter, anayesaidia kufichua uhalifu ni mtumishi wa ndani, msichana mweusi. Msichana wa kazi ndiye mpelelezi!

Mwaka 1903 msomaji mmoja mzungu akaandika barua kulalamika. Alitaka kujua kwa nini hadithi za jarida hili zinachanganya mapenzi ya weusi na weupe, kwani hakuna mapenzi mazuri kati ya weusi wenyewe? Pauline alimjibu hadharani. Kwamba mchanganyiko upo tayari, umo ndani ya damu za watu, na sheria za kukataza ndoa zilizuia ndoa tu, watoto waliendelea kuzaliwa bila baba kuwajibika. Kwamba anaandika ili kuonyesha dhuluma hiyo. Na kwamba hadithi inayomfurahisha mzungu mara nyingi si ile inayomsaidia mtu mweusi. Massachusetts ilifuta katazo la ndoa hizo mwaka 1843, lakini majimbo mengi yaliendelea nalo, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipolibatilisha nchi nzima mwaka 1967. Kwa hiyo mama huyu alikuwa akiandika mapenzi ambayo sehemu kubwa ya nchi yake yalikuwa jela.

Riwaya ya mwisho, Of One Blood, inatuhusu zaidi. Shujaa wake ni Reuel Briggs, mwanafunzi wa udaktari Harvard, maskini na mpweke, anayeficha kwamba ni mweusi. Anampenda mwimbaji, Dianthe. Halafu anasafiri na watafiti hadi Meroe, kwenye Mto Nile, Sudani ya leo. Kule anaukuta mji uliofichika wa Waethiopia wa kale, wenye elimu na utajiri, na malkia wao Candace, na inabainika kwamba yeye ni wa ukoo wa wafalme wao. Fikiria, wakati wazungu wamekwishagawana Afrika Berlin, mama mmoja Boston anawaambia watu wake kwamba ustaarabu ulianzia huku kwetu. Na mwanafunzi yule anayejificha darasani ugenini, jamani, wangapi tunamfahamu?

Sasa niseme na upande wa pili. Watafiti wa karne hii wamegundua kwamba sehemu nyingi za Of One Blood zilichukuliwa kutoka vitabu vya wengine bila kutajwa. Ukifanya hivyo leo chuoni unafukuzwa. Mimi bado namheshimu, lakini sioni faida ya kuficha. Kiungo cha hadithi ni chake, maneno mengine si yake.

Mwaka 1904 mambo yakaharibika. Jarida lilikuwa na shida ya fedha. Likanunuliwa kwa msaada wa chinichini wa Booker T. Washington, kiongozi mweusi mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, ambaye siasa yake ilikuwa kutowaudhi wazungu. Jarida likahamishiwa New York na Pauline akatoka. Wasomaji waliambiwa ni ugonjwa. Miaka minane baadaye jarida la W.E.B. Du Bois lilieleza kwamba aliondolewa kwa kuwa hakuwa mpole vya kutosha.

Hakukata tamaa. Mwaka 1905 alichapa mwenyewe kijitabu kuhusu ukuu wa kale wa Waafrika. Mwaka 1916 akajaribu jarida jingine, New Era, likatoka mara mbili tu. Baada ya hapo kimya. Alirudi kwenye hati mkato, akifanya kazi MIT, chuo ambacho baadhi yetu tunakiota. Hakuolewa. Agosti 1930, akiwa na miaka 71, bendeji alizofunga kwa ajili ya maumivu zilishika moto wa jiko nyumbani kwake Cambridge, akafariki kwa kuungua.

Kwa miaka 40 hivi alisahaulika. Mwaka 1972 mkutubi na mwandishi mweusi, Ann Allen Shockley, alichapisha makala iliyomrudisha, na mwaka 1978 Contending Forces ikachapwa upya. Leo inafundishwa vyuoni.

Nionavyo mimi, aliandika bila kuomba ruhusa kwa mtu, na alipopoteza jarida ndipo alipopoteza sauti. Dada zetu mnaoandika hadithi za mapenzi kwenye madaftari na kompyuta, msione haya. Andikeni kwa Kiswahili, tuchangishane tuchape, na chombo tukikipata tusikiuze ovyo. Kitabu chenyewe kitafuteni maktaba ya chuo chenu. Ukikikosa, waombe wakiagize, ni haki yako, ada unalipa.