Kasisi Aliyewaza Watu wa Inchi 6

Ukisimama juu kabisa ya KICC ukaangalia chini, watu wanakuwa siafu na matatu zinakuwa vigari vya kuchezea. Usikatae, pale ushawahi kujiona jitu. Halafu unashuka, lori la kokoto linakupita Mombasa Road, na sasa siafu ni wewe. Kuna jamaa aliyeichukua ndoto hiyo ya mchana akaitoa kitabu, na karibu miaka 300 baadaye bado kinauzwa.

Anaitwa Jonathan Swift. Alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka wa 1667, babake akiwa ameshafariki. Ami yake ndiye aliyemlipia karo. Chuoni Trinity hakung'aa hata kidogo. Digrii yake ya 1686 alipewa kwa hisani tu. (Mimi niliyeachia chuo katikati, hapo ndipo nilianza kumpenda.) Akawa kasisi, na mwaka wa 1713 akawekwa kuwa mkuu wa kanisa kuu la St Patrick's, Dublin. Yeye alitaka cheo Uingereza. Hakukipata.

Sasa sikiza. Ireland ilitawaliwa kutoka London, na Mwingereza mmoja, William Wood, akapewa kibali cha kuwatengenezea Waairishi sarafu za shaba. Swift aliona huo ni wizi mtupu. Mwaka wa 1724 akaanza kuandika barua akijifanya muuza vitambaa, akiwaambia watu wazikatae hizo pesa. Serikali ikatangaza pauni 300 kwa yeyote atakayemtaja mwandishi. Mchapishaji akakamatwa. Mji ulijua vizuri ni nani, lakini hakuna aliyemchoma. Mwaka uliofuata, Wood alikuwa amepoteza kibali chake.

Mtu ametoka kwa moto kama huo, ungedhani atatulia. Wapi! Mwaka wa 1726 akatoa safari za Gulliver. Nakala iliandikwa upya kwa mkono wa mtu mwingine, na jina lake halikuwekwa popote. Unaona kwa nini ukiisoma. Kwa Lilliput watu ni wa inchi 6, yaani urefu wa kalamu yako, na wanauana juu ya upande gani wa yai upasuliwe kwanza. Vyeo serikalini wanagawiwa wanaojua kuruka juu ya kamba. Kisha Gulliver anafika kwa majitu, kila kitu mara 12, na sasa yeye ndiye mwanasesere. Anamweleza mfalme wao jinsi baruti inavyofanya kazi, akidhani atasifiwa. Jitu linashtuka kwamba kadudu kadogo hivyo kanaweza kuwa na roho mbaya namna hiyo.

Ukitaka kukisoma kwa Kiswahili, tafuta *Safari za Gulliver*.

Kizunguzungu na uziwi vilimsumbua Swift sehemu kubwa ya maisha yake. Alifariki mwaka wa 1745. Mali yake nyingi aliiacha ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili, wakati ambapo wengi wao walikuwa wakifungiwa tu. Ilifunguliwa Dublin mwaka wa 1757, na mpaka leo inatibu watu.