Denys Finch Hatton: Msee wa Takaungu Aliyeruka Bila Kitufe cha Kurudia

Najua vile iko. Umeweka simuleta ya ndege kwa kompyuta juzi tu, na kabla hata ujue breki iko wapi ushaanza kujaza adoni. Umepakua Boeing 737, uwanja wa Dubai, mawingu ya kulipia, sauti za injini, kila kitu. Sasa laptop inanguruma kama mat ya zamani ikipanda Mazeras, bando imeisha, na ndege umeitupa baharini mara tisa.

Tulia kwanza. Kuna jamaa alikuwa jirani yako huku pwani karibu miaka 100 iliyopita. Maisha yake yanaweza kukuonyesha jinsi ya kuanza hii kitu, na kwa nini usiichukulie kama mchezo wa kubonyeza tu.

Kama uko Mnarani, dandia mat ya kuenda Mombasa, shukia steji ya Takaungu, halafu boda ikupeleke hadi baharini. Si mbali, ni kama kilomita 10. Takaungu ni mji wa kitambo, baadhi ya Wamazrui walihamia pale baada ya kushindwa Mombasa 1837. Karibu na mkono wa bahari wa Takaungu ndipo Denys Finch Hatton alikuwa na keja yake ya pwani. Akichoka na Nairobi, alikuja huku kupunga upepo.

Denys alizaliwa Uingereza tarehe 24 Aprili 1887, kwa familia ya mabwanyenye. Alisoma Eton, akaenda Oxford, na angeweza kukaa kwao akile mali ya ukoo pole pole. Hakutaka. Mwaka wa 1911 alifika Kenya, wakati huo ikiwa bado chini ya Waingereza, akanunua shamba upande wa Eldoret. Hapo tusipake rangi: mzungu mwenye jina alipata ardhi kwa wepesi kwa sababu kuna mwenyeji aliyesukumwa kando. Shika hiyo, tutairudia.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, alipigana na Wajerumani upande huu wa Afrika Mashariki, akapewa nishani ya Military Cross. Mwaka wa 1918 akakutana na Karen Blixen, mama wa Denmark aliyekuwa analima kahawa Ngong. Stori yao unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Blixen aliiandika kwa kitabu chake cha 1937, na filamu iliyotolewa 1985, Out of Africa, ikashinda Oscar 7. Yule Robert Redford anayeendesha ndege ndiye Denys.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, Denys alifanya wera ya kuongoza matajiri kwenye safari za kuwinda. Mwaka wa 1928 alimtembeza mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Edward wa Nane, na akamtembeza tena 1930. Lakini kuna kitu kilimkera: watu waliokimbiza wanyama kwa gari na kuwamwagia risasi bila hata kushuka. Alipiga kelele kuhusu hiyo hadi kwa magazeti ya kwao London. Pole pole akaanza kupenda kutazama wanyama kuliko kuwaua.

Hapo ndipo ndege inaingia.

Mwaka wa 1930, akiwa na miaka 43, Denys alinunua de Havilland Gipsy Moth, usajili wake G-ABAK. Sikiliza hii ndege vile ilikuwa. Mabawa mawili juu na chini, ya mbao na kitambaa. Injini moja ya nguvu za farasi kama 100, yaani ndogo kuliko ya gari nyingi unazoona Kilifi leo. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 135 kwa saa. Hakuna paa, upepo wote ni wako. Hakuna redio. Hakuna breki za magurudumu. Abiria anakaa mbele, rubani anakaa nyuma yake, na saa za kusoma mbele ya rubani ni chache: kimo, mwendo, mzunguko wa injini, presha ya mafuta. Ramani unashika mkononi.

Sasa rudi kwa kompyuta yako. Ndege ya kwanza unayojifunzia inafaa kuwa ya aina hiyo, ndogo na yenye vitu vichache. Huhitaji kununua. FlightGear ni bure kabisa na inakuja na Cessna 172, ndege ile ile ambayo wanafunzi wengi wanajifunzia Wilson, Nairobi. X-Plane 12 iko na demo ya bure, ijaribu uone kama mashini yako inaivumilia kabla utoe doh. Microsoft Flight Simulator ni tamu kwa macho, lakini inavuta picha za ardhi kutoka kwa intaneti ukiwa unaruka, kwa hivyo kama unategemea bando za simu, jipange. Kaa na Cessna hadi uweze kupaa, kuzunguka uwanja na kutua mara kumi mfululizo bila kuvunja kitu. Kabla hapo, adoni yoyote unayoongeza ni mzigo.

Denys alinunua ndege kwa sababu alikuwa na kazi ya kuipa. Alitaka kuwaonyesha wageni nchi kutoka juu, afike Takaungu bila kula vumbi la barabara siku nzima, na ajue kama ndovu wanaweza kutafutwa kutoka angani. Hiyo ndiyo siri ya kuchagua adoni. Jiulize kwanza unataka kufanya nini angani, halafu utafute kile tu kinachokosekana.

Unataka kuruka huku kwetu? Basi tafuta mandhari ya Malindi, Mombasa na Wilson, uachane na Dubai. Kuna mafundi wa mtandaoni wanaotengeneza viwanja vya Afrika na kuvitoa bure. Unataka kuhisi alichohisi Denys? Tafuta Gipsy Moth, na ukiikosa tafuta Tiger Moth, mdogo wake wa tumbo moja. Ukiwa na chapaa kidogo ya kutumia, anza na joistiki ya bei ya chini kabla ya adoni yoyote. Kurusha ndege kwa kibodi ni kama kula pilau kwa kijiti cha meno. Mambo ya mawingu ya kulipia na ndege za injini nne acha hadi ujue kwa nini unazihitaji. Na weka adoni moja moja. Ukiweka tano kwa pamoja halafu simuleta igome, hutajua ni gani imeleta ngori.

Tumalize stori ya Denys, kwa sababu haikuisha vizuri.

Mei 1931 alitaka kuruka kutoka Nairobi hadi pwani, kisha apitie Voi kutafuta ndovu kutoka angani. Beryl Markham, yule dame aliyekulia Njoro, alialikwa aende naye. Beryl aliandika baadaye kwamba mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alimsihi asiende siku hiyo, bila sababu ya kueleweka, ni roho tu ilimkataa. Beryl akabaki. Miaka mitano baadaye, Septemba 1936, aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, akivuka Atlantiki dhidi ya upepo. Fikiria kama angepanda ndege ile.

Aliyepanda na Denys ni Kamau, Mkikuyu aliyekuwa mfanyakazi wake.

Wakati wa kutua huku pwani, kipande cha matumbawe kiliharibu propela. Ikabidi nyingine iletwe kutoka Nairobi. Ilipofungwa, wakaruka hadi Voi, Denys akalala kwa marafiki. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 yeye na Kamau wakapanda ndege kurudi Nairobi. Ikapaa, ikazunguka, halafu ikaanguka karibu na uwanja na kushika moto. Wote wawili wakafa papo hapo. Denys alikuwa na miaka 44, na ndege yake hakuwa amekaa nayo hata miaka miwili.

Denys alizikwa kwenye vilima vya Ngong, mahali yeye na Blixen walipapenda. Ndugu yake akajenga mnara juu ya kaburi, na hadi leo watu hupanda kuliona. Blixen aliuza shamba, akaondoka Kenya mwaka huo huo na hakurudi tena.

Na Kamau? Hapa ndipo narudi kwa ile kitu nilikuambia ushike. Denys amepata kitabu, filamu, na mnara. Kamau kwa stori nyingi ni neno moja mwisho wa sentensi, mara nyingi hata jina halitajwi, anaitwa tu mtumishi. Alikuwa kwa ndege ile ile, akaanguka kutoka kimo kile kile. Kitu alichowaza akikaa pale mbele, upepo ukimpiga uso, hakuna aliyekiandika.

Kwa hivyo, msee wa Mnarani, nakupa misheni. Ukishajua kutua, fungua ramani ya simuleta. Anza huku kwetu. Paa, pinda juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, litazame daraja lililofunguliwa 1991, ambalo Denys hakuliona. Fuata ufuo kusini hadi Takaungu. Halafu ipe bahari mgongo na uelekee magharibi, ukikata kaskazini kidogo, hadi Voi. Ni kama kilomita 145. Kwa Moth ni zaidi kidogo ya saa moja, kwa Cessna 172 ni kama dakika 40. Zima mstari wa kukuongoza. Tumia ramani, dira na saa. Utaona ardhi ikikauka, minazi ikiisha, halafu vilima vya Taita vikitokea mbele. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, kwa hivyo hewa ni nyepesi kuliko ya Kilifi na ndege itachelewa kupanda. Ukiwa na ndege ya injini ndogo utaihisi.

Na kabla upae, ingia pale kwa sehemu ya mizigo na abiria. Wengi wetu tunairuka hiyo ukurasa. Angalia kama kiti cha pili kiko tupu. Weka mtu. Weka kilo 70. Ruka na Kamau, uone vile ndege inavyokuwa nzito, vile inahitaji nafasi ndefu zaidi kuacha ardhi, vile ukiivuta pua juu haraka ukiwa na mwendo mdogo inapoteza nguvu ya kukaa hewani. Hiyo haigharimu hata shilingi, na itakufunza mengi kuliko adoni ya thao tatu.

Ukianguka, utabonyeza kitufe na utakuwa tena Kilifi, jua limewaka, tangi limejaa. Hiyo ndiyo zawadi ya simuleta. Itumie. Anguka ukiwa keja, anguka mara mia, ujue kwa nini umeanguka kila mara. Kama siku moja utaenda kusomea urubani kwa ukweli, na najua kuna mmoja wenu anayesoma hii atafika huko, kwa kile kiti kingine atakuwa amekaa mtu mwenye jina na mamake. Kule hakuna kitufe.

Voi bado hujaifikisha ndege ikiwa nzima? Basi ile Boeing 737 ifute kwanza, uanze na ndogo.